Siti ya Bibi wa Mtera

Kama umekuja kunicheka, rudi ulikotoka. Nimeshachekwa Mkonze nzima, hapa Dodoma, na mdogo wangu wa Miyuji, aliyeona kwa macho yake, amechekwa pamoja nami. Hiki si kitu nilichosimuliwa saluni nikisukwa. Kilinikuta mimi, mchana kweupe, akili zangu timamu na sufuria ya mlenda jikoni.

Mama yangu alipata kiharusi. Miguu ikakataa kazi kabisa, hata umchome sindano unyayoni hajui, na maneno yakabaki moja moja. Huyu ni mwanamke aliyeimba kwaya tangu usichana wake. Sasa Jumapili tunamkalisha mlangoni, anaisikia kwaya kwa mbali, anatokwa na machozi. Mimi hilo lilinishinda. Nikaenda dukani kuulizia kiti cha magurudumu, nikatajiwa bei, nikaondoka bila hata kuaga. Ndiyo nikaingia mtandaoni, kwenye kundi moja la kuuza na kununua vitu vilivyotumika.

Kijana mmoja wa Mtera alikuwa amebandika kiti cha bibi yake, marehemu. Kizuri, na bei ya kutupa. Nikasema leo Mungu kanikumbuka. Halafu nikaona alichoandika chini: gharama ya usafiri karibu sawa na bei ya kiti chenyewe.

Sasa sikiliza. Mimi nauza samaki wa Mtera. Ndoo zangu zinapanda basi kila wiki, na nauli ya mzigo kutoka Mtera mpaka Dodoma naijua kuliko hata wanaoipanga. Nani wa kunifanya mimi bwege kwenye barabara ile? Hawa wauzaji wa mtandaoni ndio mchezo wao, wanakushushia bei ya kitu, wanakukamua kwenye usafiri. Nikampigia, nikamwambia wazi kwamba huo ni wizi.

Kijana hakupandisha sauti. Akasema, "Dada, hicho kiti hakipandi kwenye buti. Nakikatia siti ya abiria, ya dirishani."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Tangu lini kiti kikakatiwa siti? Akasisitiza, nikakata simu. Nikamtumia ujumbe wa sauti, na hapa ndipo natamani ulimi ungenikauka. Nilisema nalipa nauli ya mzigo tu, na akibisha nambandika kundini watu wote wajue ni tapeli. Nikamalizia hivi: "Kama kuna mtu anataka kukaa dirishani, mwambie atembee kwa miguu mpaka Mkonze."

Baadaye akaandika, "Sawa dada. Umesema wewe."

Kiti kikaja kwenye buti pamoja na samaki wangu. Nilijisifu sokoni siku nzima.

Siwezi kusema uongo, siku za mwanzo zilikuwa tamu. Jumapili tulimsukuma mama mpaka kanisani, na wimbo ulipoanza mama akaimba. Mtu ambaye hawezi kuomba maji aliimba ubeti mzima na maneno yake yote. Wanakwaya wenzake walilia, mimi nililia, hata mzee wa kanisa alitoa kitambaa. Nikajiambia, hata ningelipa bei yoyote.

Siku kadhaa zikapita. Mchana mmoja, jua kali na ule upepo wetu wa vumbi, nikasikia hodi. Nikiwa jikoni nikaitikia karibu kabla sijaangalia ni nani, kama anavyoitikia mtu yeyote aliyelelewa. Nilipotoka nikamkuta bibi mmoja kizingitini, mwembamba, kanga imepauka, vumbi jeupe mpaka magotini. Akanisalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi." Nikamwamkia shikamoo, nikampa kigoda na kikombe cha maji, nikidhani ni mgeni wa jirani aliyepotea njia.

Hakunywa. Aliinama, akayamimina miguuni.

Nikamtazama nyayo. Niamini, nimeona miguu ya watu wanaotembea, yote ni migumu, ina nyufa. Ya yule bibi ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga, nyayo ambazo hazijawahi kukanyaga chini. Na zilikuwa zimechanika, malengelenge yamepasuka, nyama iko nje. Nikamuuliza bibi, umetoka wapi na miguu hii?

"Mtera, mwanangu," akasema. "Ulisema nitembee."

Ujumbe ule niliutuma kwa mtu mmoja tu. Akanipita, akaingia ndani, na nikamsikia mama akisema kwa sauti safi kabisa, "Karibu. Kaa."

Nikakimbilia ndani. Mama alikuwa peke yake kitini. Lakini alikuwa amejisogeza upande mmoja, kama unavyompisha mtu kwenye benchi la kanisani. Na kwenye sakafu kulikuwa na nyayo mbichi, maji na damu, kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti. Za kurudi hazikuwepo.

Jioni ile mama akaanza kulia. Anaonyesha miguu. Ile miguu isiyosikia hata sindano! Nikafunua shuka, nikakuta nyayo zake zimejaa malengelenge, na katikati ya vidole vumbi jeupe la barabarani. Nikampeleka zahanati. Nesi akaniuliza kwa ukali kwa nini namtembeza mgonjwa umbali wote huo. Nikaomba bandeji za kumfungia nyayo nyumbani. Kila nilipozifunga, asubuhi nilikuta damu imelowanisha bandeji na vumbi limerudi. Mdogo wangu alikuja, akaona, akakaa chini akashika kichwa. Mama alikuwa anaisha tukimtazama.

Nikampigia yule kijana. Hakushangaa hata kidogo. Akanieleza kwamba bibi yake alilemaa tangu utotoni, hakuwahi kutembea. Kila aliposafiri walimbeba na kumweka nyuma kabisa ya basi, katikati ya magunia, kwa sababu hakuna aliyetaka kumlipia siti. Kabla hajafa aliomba jambo moja tu, kwamba safari ijayo ya kiti chake, akae dirishani.

Nikalia kwenye simu. Nikamwambia namrudisha leo, nalipa siti mbili, nalipa basi zima akitaka.

"Hataki tena basi, dada," akasema. "Wewe umemtembeza. Na wewe mtembeze kwa miguu yako."

Nilimwacha mama mikononi mwa mdogo wangu, nikakisukuma kiti kutoka Mkonze mpaka Mtera. Cheka basi, si ulikuja kucheka? Kiti kitupu, lakini kizito kama kimekaliwa, na kwenye kila mlima kilikuwa kinanirudisha nyuma. Pale pa kukalia sikupatazama hata mara moja. Usiku nilijihifadhi kwa watu njiani, kiti nakiacha nje. Lakini kilichonimaliza nguvu ni watoto wa vijijini. Wenye adabu zao walikuwa wanasimama kando ya barabara na kusema, "Shikamoo bibi," kwa kiti. Mimi walinisalimia baadaye.

Nilipofika nyayo zangu zilikuwa kama zake. Yule kijana alitoka na beseni, akaosha magurudumu taratibu, akakiingiza ndani. Mimi hakunipa hata maji. Nilirudi kwa basi, nikakaa dirishani, nikajiona mwizi.

Mama amepona nyayo. Lakini amerudi pale mlangoni, Jumapili anasikiliza kwa mbali, na hajaimba tena. Neno lililobaki ni moja, ananiuliza kila siku, "Kiti?" Miguu yangu mpaka leo inapasuka kila kiangazi. Ukitaka nitavua kandambili uone.

Kwa hiyo ukinunua kitu cha mtu mtandaoni na ukaona usafiri umezidi, gombana, ni haki yako. Lakini muulize kwanza ni nani anayesafiri nacho, na ulimi wako uushike.

Nimetafuta kiti kingine tangu wakati huo. Nikiwauliza wauzaji mwenye kiti yuko wapi, wananifungia namba. Amebaki mmoja tu aliyenijibu, wiki hii. Kiti kizuri, bei ya kutupa. Nikamuuliza usafiri ni kiasi gani. Akaandika kwamba usafiri ni bure, nimwelekeze nyumbani tu, kitakuja chenyewe.

Sijamjibu. Na mama bado anauliza.