Nafasi ya Tatu

Nilirudi Butembo kupitia Kasindi nikiwa na diploma ya Kampala ambayo hakuna aliyenilipia. Niliipata kwa kubeba magunia mchana na kusoma jioni, na nasema hivyo bila haya. Kitu kimoja tu cha kuandika programu kilikuwa hakijanikaa kichwani: struct. Siku chache kabla ya kwenda Beni kufundisha, niliketi na kompyuta jikoni kwa mama nijifunze peke yangu, kama nilivyojifunza yote.

Struct ni kama sanduku lenye vyumba. Niliunda moja, nikaiita Ndugu, nikaipa vyumba viwili: jina na umri. Kisha nikaiomba mashine nafasi tano, kwa sababu jina langu ni la mtoto wa kiume wa tano. Kwetu jina la namna hiyo halichaguliwi, kila nafasi ina lake. Mtoto hulikuta likimngoja kwa mpangilio wa kuzaliwa. Nikamwandika kila kaka pale jina lake linapomweka: wa kwanza, wa pili, wa nne, halafu mimi.

Nilipoendesha programu, zilitoka safu tano. Ya tatu haikuwa na jina. Umri: sifuri.

Sisi tuko wanne. Mjomba alinipeleka Kampala nikiwa mdogo, na sikuwahi kujiuliza wa tatu yuko wapi. 

Mama, aliyekuwa akichambua maharagwe, alisogea akauliza yule asiye na jina ni nani. Nikamweleza kwa sauti ya mwalimu kwamba si mtu. Chumba usichokijaza, mashine hukiwekea utupu na sifuri. Nitaifuta nafasi hiyo, nikasema.

"Acha. Uyu ni mukubwa yako," akasema. "Alizaliwa asubuyi, hakufika mangaribi. Sifuri ni kweli. Mashine imejua namna gani?"

Hakuna aliyewahi kunitajia kaka huyo. Lakini jina lake nililijua. Mtu yeyote wa Butembo angelijua. Nikaliandika, nikaendesha tena. Likatokea safu mbili juu ya langu, limetulia, kana kwamba lilikuwa pale siku zote. Mama akalisoma polepole, akaweka kiganja kwenye kioo cha kompyuta.

Umeme ulikuwa umekatika na betri ilikuwa inaisha. Nikanyoosha kidole nizime.

"Usimuzime kwanza, baba."

Nikakirudisha kidole. Tulikaa hivyo mpaka kioo kikawa cheusi chenyewe. Mama hakuondoa kiganja. Alikuwa akimwambia habari za nyumbani, taratibu, kuanzia mwanzo.