Mpendwa Wetu, Lala Pema

Duka zima la magodoro lilimwita Dada Meseji, maana kazi yake ilikuwa kuwaandikia wateja ujumbe wa simu wa kuwavuta waje kununua. Kila ujumbe aliupeleka kwanza kwa mama yake. Mama akicheka, basi umeiva. Ndiyo maana namba ya mama ilikuwa ya kwanza kabisa kati ya namba za wateja.

Siku hiyo hakumsumbua. Mama alikuwa wodini akisubiri kupasuliwa uvimbe tumboni, na kumkubalisha tu kulikuwa kumewatoa wanawe jasho. Bosi naye alimsimamia Dada Meseji kichwani.

"Fupisha! Ujumbe ukizidi unakatika!"

Akafupisha. Akafuta "kwenye godoro letu jipya", kwani jina la duka si litatokea juu? Akautuma kwa wote, ndipo akausoma.

"Mpendwa wetu, umehangaika vya kutosha. Sasa lala pema."

Hayo si maneno ya kuagia maiti? Simu za duka zikaanza kulia, mteja mmoja akiuliza amemkosea nani, bosi akifoka. Yeye aliwaza jambo moja tu: ujumbe umeshafika wodini. Akatoka mbio, viatu mkononi.

Alimkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda, simu mapajani, amegoma katakata. Nesi alisimama na machela, amechoka kubembeleza.

"Siingii huko," mama alisema. "Nimeshaagwa."

"Mama, ni mimi niliyeandika. Ni tangazo la godoro."

"Godoro lenyewe liko wapi hapa?"

"Nililifuta."

"Yaani mwanangu umefuta godoro, ukaacha maiti!" Mama akajivuta nyuma kitandani. "Haya, niandikie mwingine. Usiponivuta, siendi."

Akatoa simu yake. Maneno yote matamu aliyozoea yalimkimbia. Mwisho akaandika: "Mama, nenda urudi. Usipocheka wewe, hacheki mtu."

Mama akausoma, akaurudia. Hakucheka. Akamkabidhi simu yake, akapanda machela.

"Nikitoka nitakujibu."

Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa. Bosi akapiga, akapiga tena. Dada Meseji hakupokea. Alikaa kwenye benchi ameishika simu ya mama kwa mikono miwili, anaogopa hata kuiweka chini, na ujumbe wake humo ndani haujajibiwa.