Mtoto Aliyejibu Ndiyo

Siku yangu ya kwanza mahakamani, hapa Singida, hakimu wa wilaya aliniangalia tumbo kabla ya uso. "Mkalimani," akasema, "hapa unatafsiri. Huna maoni." Nilikuwa na kidato cha nne, Kinyaturu cha nyumbani, na mimba.

Kazi ilikuwa kusimama kati ya kizimba na meza yake, nikigeuza maneno kwenda na kurudi. Mwanzoni ni wezi wa mbuzi na ugomvi wa mipaka. Serikali ilipofungua biashara na mitumba ikamiminika, zikaja kesi za maduka.

Ndipo akaletwa binti wa miaka tisa kutoka Ikungi, yaya wa mtoto wa mfanyabiashara wa Mandewa. Nyuki waliingia ghala la mitumba. Yeye akafanya alivyomwona babu yake akifanya: akawasha kinyesi kikavu cha ng'ombe, akawafukiza. Marobota yakateketea. Wakamshtaki kuchoma mali kwa makusudi.

Ninyi mnaosomea sheria mnajua: aliye chini ya miaka kumi na miwili hana hatia mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kwamba alipotenda alielewa hapaswi kutenda hivyo. Uthibitisho wenyewe ulikuwa huu, hakimu akiuliza nami nikitafsiri.

"Kuchoma mali ya mtu ni vibaya?"

"Ndiyo, baba."

"Na siku ile ulijua hivyo?"

"Ndiyo, baba."

Amepiga magoti, macho sakafuni. Kwetu mtoto akiulizwa na mtu mzima hakatai. Akikataa, anachapwa.

Nikasema, "Mheshimiwa, huyu ataitikia lolote. Muulize kama aliiba ng'ombe wa kesi ya asubuhi."

Mwendesha mashtaka, inspekta wa polisi, akacheka. "Tumeletewa mkalimani au wakili?"

Mimi mwenyewe nikamuuliza binti kama aliiba ng'ombe wale. Akajibu, "Ndiyo, mama." Nikatafsiri kwa sauti kubwa.

"Hilo lisiandikwe," hakimu akasema. "Swali halikuwa langu."

Akamtia hatiani. Mtoto wa miaka tisa akapelekwa mahabusu ya wanawake, akae na watu wazima mpaka apatiwe pa kuwekwa. Mama yake akanishika mkono nje ya mlango.

"Dada, mwanangu amejibu vizuri?"

"Kwa adabu kabisa, dada."

Sikurudi kazini. Huko ndiko kustaafu kwangu, bila keki wala hotuba, na nikiwa bado kijana. Sasa nalima Mwankoko. Binti yangu shikamoo anatoa, lakini mkubwa akimsingizia jambo anakataa, hata mbele ya wageni. Mama mkwe anasema mtoto anaharibika, nimchape.

Nimemwambia hapana.