Pazia la Hodhi

Hodhi letu la kuogea halikupita mlangoni. Mume wangu alilinunua mnadani, siku walipouza vyombo vya nyumba ya meneja kwenye shamba la mkonge lililokufa: la chuma, zito, miguu minne, ndani jeupe, mtindo wa Wazungu wa zamani. Wanaume walilisukuma, wakaligeuza ubavu, wakachoka. Likabaki uani chini ya bati, karibu na bomba, na majirani zetu wa Chumbageni wakapata la kucheka.

Miaka ile ya shida hatukuliogea. Maji yalitoka yakipenda, basi tulilijaza tukachota kwa kopo. Sabuni ilikuwa ya kutafuta, nguo vilevile. Nilipojifungua mtoto wa kwanza sikuwa na kitambaa cha nepi. Mama mkwe wangu akaja kutoka kijijini kwake Mwera na mchele, nazi, na doti ya kanga aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya sikukuu. Aliikata mbele yangu, akapinda vipande kwa sindano, akasema, "Nguo ni kutumiwa, mwanangu." Nililia. Leo nikikumbuka alivyokata bila kusita, naumia zaidi.

Kisha ikaja ruksa ya biashara. Maduka yakajaa, nami nikaanza kuuza mitumba nyumbani. Bafu la ndani nililigeuza stoo ya marobota, na mume wangu akafunga bomba la mvua juu ya lile hodhi, na chuma cha kuzunguka cha kutundikia pazia. Likabaki pazia lenyewe, na kulichagua ilikuwa kazi yangu.

Mama wa Kihindi mwenye duka mjini alinitandazia mawili juu ya kaunta. Moja lilikuwa zito, la buluu iliyokoza, limekakamaa kama turubai. La pili lilikuwa plastiki nyepesi yenye maua ya waridi, linapitisha mwanga.

"Wanaoga kina nani?" akauliza.

"Mimi na mume wangu," nikamjibu.

Nilidanganya. Mama mkwe alikuwa anakuja wiki hiyohiyo kutibiwa presha ya macho. Daktari alitaka atiwe dawa kila siku na arudi kliniki mara kwa mara, la sivyo angepofuka. Nilikuwa na habari hiyo kichwani nikiwa pale kaunta. Lakini wateja wangu wa mitumba walipitia uani, na pazia la buluu lingewaficha hodhi langu. Nilitaka walione. Maskini akipata, matako hulia mbwata, na yangu yalikuwa yanasikika mtaa mzima. Nikachukua la maua.

Mama alifika, nikamwamkia shikamoo, nikampeleka moja kwa moja uani. Alilipapasa lile pazia. "Zuri," akasema. "Lakini si jepesi hili?" Nikamwambia ndiyo fasheni, na kwamba mchana uani hapana mtu.

Jua la alasiri huingia uani kwetu kwa juu ya ukuta. Kesho yake mama alikuwa anaoga, nami nimesimama na taulo lake, mume wangu akaingia kwa mlango wa nyuma kama alivyozoea akitoka kazini. Jua lilikuwa nyuma ya mama. Alionekana wote, mwili mzima wa mzee aliyemzaa. Mume wangu aligeuza uso akarudi njiani, na mama, ambaye macho yake bado yalikuwa na nuru kidogo, alimwona akigeuka. Nikampa taulo.

Tangu hapo alinawa mikono na miguu tu, akidai anasikia baridi. Stooni mlikuwa na robota zima la mashuka mazito. Ningetundika moja tu, mambo yangekwisha. Lakini yalikuwa ya kuuza, na kutundika shuka kungekuwa kukiri kwamba nilikosea. Wiki haikuisha, akafunga kanga zake.

"N'na kuku wangu kule," akasema.

Mume wangu alinitazama. Nikamwambia mama yake hajazoea mjini.

Mume wangu alimpelekea dawa Mwera, akambembeleza arudi kliniki, mama akakataa. Mimi nilichelewa kumfuata. Kila mara nilikuwa na robota la kufungua. Nilipokwenda, jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufa. Nilimwambia nimenunua pazia jingine, zito, turudi.

"Mwanangu, uzee wangu hauniaibishi," akasema. "Mwanangu wa kumzaa kuikimbia nyumba yake kwa ajili yangu, hilo ndilo lililonishinda."

Hakuja. Alikuja baadaye, macho yote mawili yalipokwisha zimika na hapakuwa tena na mtu wa kumtazama kule. Nilimshika mkono nikamwingiza hodhini, nikavuta lile pazia la buluu pande zote. Alilipapasa kutoka juu hadi chini, taratibu.

"Hili zito," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akacheka, kwa utani wake uleule wa siku zote. "Ungeliacha tu lile la maua. Sasa hata nikitazamwa, simwoni anayenitazama."

Akangoja nicheke naye. Nikafungua maji.