Koti Jeupe la Eyotaru

Aliga alikuwa mtu wa kutangaza neema kabla haijabisha hodi. Kazi yake ilikuwa kutoa mizigo forodhani Oraba, mpakani, na tangu matokeo ya mtihani yatoke, kila dereva wa lori alikwisha kuambiwa kwamba binti yake Eyotaru anakwenda kuwa daktari. Akamshonea na koti jeupe mjini Koboko, ili Jumapili kanisa lao la Mvara, pale Arua, liliombee.

Maskini, Eyotaru hakuchagua udaktari. Alichagua elimu ya viumbe vya bahari, yeye ambaye hata Nile aliiona kupitia dirisha la basi. Nafasi ya chuo huko pwani alikwisha kuipata. Kusema ndiko kulikomshinda.

Jumamosi baba alimjaribisha koti, likamkaa vizuri mno. Hapo akasema yote.

Aliga akaketi. "Bahari," akasema. "Na kazi yake iko wapi?"

"Iko kwa maabara, Baba. Iko kwa watu ya kuchunguza samaki, hata kwa ziwa zetu. Lakini kazi si mingi."

"Kwa Oraba iko kijana na digrii yake, anabeba magunia ya lori. Kila asubuhi ananisalimia, mimi nashindwa kumwangalia." Akalikunja koti.

Usiku ule Eyotaru hakulala. Na jambo ambalo hakumwambia mtu ni hili: aliomba baba akatae. Akikatazwa, atalia, atamlaumu, lakini atabaki Arua penye nchi kavu.

Jumapili Aliga akasimama mbele ya watu, koti mkononi.

"Nilisema daktari," Aliga akaanza. "Hapana. Mutoto anaenda kusoma mambo ya bahari. Kazi yake mimi sijui. Naogopa sana. Muombee yeye, na mimi pia."

Watu wakaguna. Mchungaji akauliza, je, koti lirudi nyumbani?

"Atavaa. Hata mutu ya samaki anavaa koti."

Akamvika mwenyewe, na kifungo kikamshinda. Kanisa zima likamwekea Eyotaru mikono na kuomba kwa sauti. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye alikuwa amekwisha kuvishwa. Akafumba macho akitafuta moyoni mtu mmoja tu wa kumkataza, na hakuwapo tena.