Mtihani wa Zuhura Nilioufanya Mimi

Kila asubuhi tuliamshwa na seloteipu. Ile pana ya rangi ya kahawia, ya kufungia maboksi: mtu anaivuta kwa nguvu, inalia kraaa ghorofa nzima, halafu anaikata kwa meno. Tulikaa ghorofa ya sita mtaa wa Dengfeng, pale Xiaobei, na chumba cha mbele ndicho kilikuwa ofisi ya mama, kwa hiyo ukiteremka kitandani unakanyaga robota la mapazia. Harufu ya plastiki mpya ilichanganyika na ile ya kondoo wa kuchomwa kutoka mgahawa wa chini, mpaka mama akawa analalamika kwamba hata mswaki wake unanuka kondoo. Baba alikuwa Dar es Salaam, akipokea mzigo. Huku Guangzhou mama ndiye aliyenunua, akafunga, akapeleka bandarini Nansha kujaza kontena, na mimi Mwanaidi, mwenye miaka kumi na mmoja, nilikuwa mdomo wake. Sijidai, ndivyo walivyosema wafanyabiashara wenzake: "Mama Mwanaidi, leo umekuja na mdomo wako?" Nilipenda sana kuitwa hivyo.

Maana Kichina cha mama kilikuwa cha kuuliza bei na kukataa bei, basi. Kiingereza ndiyo kabisa. Mimi nilikuwa na miaka miwili katika shule ndogo ya watoto wa wageni, huko upande wa Baiyun, iliyofundisha kwa Kiingereza, na Kichina nilikiokota ngazini na kwenye lifti. Siku za mapumziko nilishinda naye sokoni. Mama akisema, "Mwambie huyu mwizi asiyemwogopa Mungu kwamba mapazia yake ni matambara ya kudekia," mimi namgeukia mwenye duka. "Laoban," namwita, kama tulivyowaita mabosi wote wa soko, "mama anasema mali yako ni nzuri sana, ila punguza kidogo." Yule naye akifoka kwamba mama hajui kitu na aende zake, namwambia mama, "Anasema anakuheshimu sana, lakini bei ndiyo hiyo." Wote wawili wanatabasamu, mzigo unafungwa. Watoto wote wa Watanzania pale mtaani tulitafsiri hivyo. Aliyepeleka neno kama lilivyo alionekana mharibifu, na safari ijayo hachukuliwi. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna mahali ambapo mtindo ule ni dhambi.

Mwaka ule mdogo wangu Zuhura akaletwa kutoka Temeke, kwa bibi. Alikuwa na miaka tisa. Alichelewa kusema, na hata aliposema, maneno yake yalikuja moja moja, tena mara nyingi hayahusiani na ulichomwuliza. Kuhesabu, alifika tano akarudi moja. Kule nyumbani alirudishwa darasa la kwanza mara mbili, mwishowe mwalimu akawa anamketisha nyuma asinzie. Mama hakutaka kusikia neno lolote juu ya hilo. "Mtoto wangu mzito kidogo tu, atachangamka," alisema, na ukiendelea anakukata jicho. Lakini mpe Zuhura mfuko wa pete za mapazia uone. Alizimwaga sakafuni akazipanga, ndogo kwa kubwa, dhahabu kwa fedha, nyeusi peke yake, saa nzima bila kukosea hata moja. Akiweka pete pembeni, ukiichunguza utakuta ina ufa ambao sisi wote hatukuuona. Wafungaji mizigo walimtania wakimwita Mkaguzi. Mimi niliona ni mchezo tu wa mtoto.

Shuleni kwetu watoto wapya walipimwa na Mwalimu Lorna, Mfilipino mmoja mfupi, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Alimweleza mama utaratibu, nami nikatafsiri. Mtoto ambaye shida yake ni Kiingereza tu anaingia darasa la kawaida, na kwenye mitihani anaruhusiwa kamusi na muda wa ziada. Mtoto ambaye akili yake inajifunza kwa njia nyingine hapewi mtihani wa karatasi. Yeye anapimwa kwa vitu: kupanga, kulinganisha, kuonyesha kwa kidole, kufunga vifungo vyake, na anasoma katika chumba kidogo chenye watoto watano na mwalimu wao. Akatuonyesha kabatini boksi la buluu lenye vifaa vyenyewe. Alisema hofu yake ni kuwachanganya watoto wa aina hizi mbili, kwa sababu wote wanakaa kimya darasani, na ukiwatazama hujui nani ni nani. Maelezo yote hayo marefu mimi nilimfupishia mama: "Anasema wako wanaofahamu, na wako wale wengine." Mama alichungulia kile chumba kidogo, akaona mtoto mmoja anadondokwa na mate, akanishika mkono kwa nguvu. Mkalimani mtu mzima wa Kiswahili hakupatikana, na kwa kuwa Zuhura alinizoea, ikaamuliwa nitatafsiri mimi.

Asubuhi ya kupimwa, kwenye metro, mama aliniambia kitu kimoja tu: "Msaidie mdogo wako." Nami nilijua kusaidia ni nini, nilikuwa nasaidia kila Jumamosi. Tuliketi wanne mezani. Mwalimu Lorna aliniomba nimwambie kila neno, hata lisilo na maana, nikaitikia. Swali la kwanza: leo umefikaje hapa? Nikamwuliza Zuhura kwa Kiswahili. Akafikiri, akasema, "Viatu." Nikageuka: "Anasema amekuja kwa metro na mama na dada yake, na amevaa viatu vipya." Nilijiona mjanja kwa kukumbuka kuviingiza na viatu. Swali la pili: ukipotea mjini utafanya nini? Zuhura alinitazama mimi, akasema, "Chapati." Kwa Kiingereza, chapati ile ikawa askari, namba ya simu ya mama na jina la mtaa wetu. Kwa kila neno lake moja mimi nilitoa sentensi tatu, na kalamu ya mwalimu ikakimbia. Mara moja tu Zuhura alinivuta mkono wa nguo akasema, "Dada, sijui." Hata hilo nililifanyia kazi. Nilisema, "Anaomba swali lingine, hili rahisi mno."

Boksi la buluu halikufunguliwa. Mwalimu Lorna alikuwa ameliweka tayari mezani, na tulipomaliza akalirudisha kabatini huku akicheka, akisema mtoto huyu ana akili nzuri, anachokosa ni Kiingereza tu. Hilo nilimtafsiria mama neno kwa neno, sikupunguza wala kuongeza. Mama alimkumbatia Zuhura pale pale, machozi yakamtoka. Jioni ilipikwa pilau, na majirani wa ghorofa nzima, Wakongo kwa Wakenya, wakapelekewa sahani. Mimi nilipakuliwa minofu miwili. Kichwa kilinivimba, nikasema moyoni kwamba sijapata kukutana na laoban mgumu kama yule mwalimu, na nimemweza.

Nilichokifanya nilikiona kwa macho yangu siku ya mtihani wa kwanza. Zuhura alipewa karatasi kama wenzake, na kwa kuwa aliandikwa mgeni wa lugha akapewa kamusi ya picha na muda wa ziada. Wenzake wakatoka kwenda kucheza, yeye akabaki. Muda wa ziada! Kwa mtoto anayejua jibu na anayetafuta neno tu, ni huruma. Kwa Zuhura ilikuwa saa nyingine nzima ya kuketi peke yake mbele ya kitu asichokijua, huku akisikia kelele za uwanjani. Nilisimama kwenye kioo cha mlango. Hakulia. Alikuwa ameshika penseli kama alivyofundishwa, anachora mstari juu ya kila neno, taratibu, akifuta usionyooka na kuurudia. Alipomaliza ukurasa aliugeuza, akaanza tena. Kisha akainua uso, akaniona, akacheka na kunionyesha penseli, akidhani anafanya vizuri. Upande wa pili wa korido wale watoto watano walikuwa wakipimwa kwa kupanga vifungo kwa ukubwa wake. Niliondoka haraka.

Ikawa hivyo mihula miwili. Alianza kukataa kuvaa sare, akaanza kujikojolea, jambo aliloliacha zamani. Siku moja Mwalimu Lorna akanisimamisha koridoni. Hakunikaripia. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akaniuliza, "Mwanaidi, siku ile, uliniambia alichosema yeye?" Jamani! Jibu lilikuwa neno moja tu. Mtu mzima alikuwa amenifungulia mlango wazi, na kesho yake mdogo wangu angekaa mezani na vitu anavyovijua. Lakini nilifikiria uso wa mama, nikafikiria ile pilau na majirani, nikafikiria sokoni watakavyoniita mwongo. Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu. Kila neno." Akanitazama kidogo, akavaa miwani yake, akaenda zake. Nimewahi kudanganya tena maishani, sina haja ya kujitakasa, lakini uongo mwingine wote nimeusahau.

Mwisho wa mwaka shule ikamwandikia mama kwamba msaada wa lugha aliopewa Zuhura haujafaa kitu, na kwa kuwa kumbukumbu zake hazionyeshi tatizo lingine, huenda hajitumi; afadhali arudi kusoma kwa lugha yake. Hajitumi! Mtoto aliyenyoosha mistari saa mbili. Na barua ile niliyeisoma na kuitafsiri ni mimi. Wiki iliyofuata tulimpeleka uwanja wa ndege, akasafiri na mama mmoja wa Kizanzibari aliyekuwa anarudi na mizigo yake. Zuhura alifurahia ndege, akatupungia mkono mpaka foleni ikamficha. Temeke hakupelekwa tena shule. Akakaa na bibi, anachambua mchele, anafagia uwanja, miaka ikaenda.

Leo ofisi ile ni yangu, na mama amestaafu, amerudi Dar. Mtaa umepoa. Wafanyabiashara siku hizi wanatafsiriwa na simu, na simu inapeleka tusi kama lilivyo, watu wanagombana kwelikweli pale sokoni. Mimi nawacheka, kisha narudi kwenye mizigo yangu. Mwaka jana nilipokwenda likizo nilisikia kuna kituo kidogo kinachopima watu wazima kama Zuhura, nikampeleka pamoja na mama. Binti aliyempima alituomba tukae pembeni, tusimsaidie kwa neno wala kwa jicho. Hakukuwa na karatasi. Vikombe, vijiko, funguo, nguo za kukunja. Zuhura alifanya kazi kwa utulivu ambao sikuwahi kuuona kwake darasani. Alipomaliza, yule binti alisema anaweza kufuata hatua tatu mfululizo, anaweza kufundishwa kwenda dukani, hata kufanya kazi ya kupanga bidhaa. Halafu akasema, bila ubaya wowote, "Huyu angeanza akiwa na miaka minane, tisa, leo angekuwa na ajira yake."

Nje, kwenye benchi, sikuweza tena. Nilimwambia mama yote: viatu, chapati, swali la Mwalimu Lorna koridoni. Nilitegemea kofi au kilio. Mama aliukunja mtandio wake magotini, akaukunjua. "Mwanangu," alisema, "mimi Kiingereza sikijui. Kiswahili je? Si nilikuwa nimekaa pale? Mtoto amesema viatu, wewe umesema mpaka umekata pumzi. Mimi mama yake, nisisikie?" Nikamwuliza mbona hakunizuia. "Nilikuambia umsaidie," akasema, "nikakuona unamsaidia." Roho iliniuma zaidi kuliko miaka yote niliyodhani siri ile ni yangu peke yangu.

Sasa Zuhura anakwenda kituoni kila siku. Mwezi uliopita alinipigia simu ya video, mara ya kwanza kubonyeza mwenyewe, kunionyesha paketi ya chumvi. Alikuwa amevuka barabara peke yake, akanunua, akarudi. "Dada, mimi!" alikuwa anasema, "mimi!" Ana miaka ishirini na sita. Nyuma yake nilimwona mama, na mama aliniona. Zuhura hajui kwamba amechelewa. Tunaojua ni sisi wawili, nasi tulimpigia makofi.