Wageni Walikunywa Maji Yetu, Wakaandika Kwamba Tunayo

Msimamizi wa kundi, nifichie jina langu na la kisiwa changu. Mengine yaache kama nilivyoyaandika, na koma zangu usiziguse.

Mimi ni mwanamume wa miaka sabini na mbili, Mbajuni, mwalimu mstaafu wa Kurani na nahau ya Kiarabu. Ninaishi katika kisiwa kimoja kusini mwa Kismayo, nyumba moja na kaka yangu, ambaye ndiye mzee wa kisiwa. Baba yetu alifariki nikiwa mdogo sana. Kaka ndiye aliyenilea, akanisomesha, akaniozesha. Kwa hiyo ninachokiandika hapa si chepesi kwangu.

Visima vyetu vimeingia chumvi. Maji ya kunywa tunayafuata bara kwa boti, katika madumu, na kila dumu lina mwenyewe. Miaka michache iliyopita idara moja ya serikali ilituletea tangi kubwa jeusi, ikalisimamisha kando ya msikiti, ikaweka na bomba. Mtambo wa kuondoa chumvi, ambao ndio ungelijaza tangi hilo, haukuja. Tuliambiwa uko njiani. Kisha idara hiyo ikaenda bungeni kutoa ripoti ya kazi zake, nasi tukasikia redioni kwamba mradi wa maji wa kisiwa chetu umekamilika.

Mbunge mmoja, mwenyeji wa pwani hii, alisimama akapinga. Bunge likaamua kutuma kamati ije ijionee. Nilifurahi. Nilidhani sasa jambo limefika mahali pake.

Kamati ilituma habari kabla ya kuja, na hapo ndipo tulipoharibikiwa. Kwetu mgeni hapewi maji ya chumvi. Kaka aliamuru kila nyumba itoe dumu moja. Wageni walikuwa wengi na birika za kunawia hazikutosha, basi akasema maji yamiminwe ndani ya tangi, ili wageni wafungue bomba wenyewe.

Nilimwambia, "Kaka, hawa hawaji kutembea. Wanakuja kukagua."

Akanijibu kwa Kibajuni chetu, "Mchu akija kwako ni mgeni. Hayo ya kukagua ni yake na moyo wake."

Walifika kwa boti ya idara ile ile waliyokuja kuikagua, pamoja na ofisa wake. Mwenyekiti wa kamati alifungua bomba, akatia udhu, akasukutua, akasema, "Mashallah, matamu." Ofisa wa idara alisimama nyuma yake akingojea zamu. Alijua kwamba mtambo haupo. Akatawadha naye. Baada ya sala waliketi wakala wali na samaki wa nazi, mkaguzi na mkaguliwa, sinia moja. Katikati ya chakula mwenyekiti alimwuliza kaka kwa Kisomali kama tunapata maji.

Kaka akasema, "Alhamdulillahi, hatukosi."

Nilifungua kinywa, naye akanibonyeza goti. Humshitakii mgeni kiu yako na mkono wake umo sahanini. Hivyo ndivyo tulivyolelewa wote wawili, nami nikanyamaza. Lakini nimesahihisha mbao za wanafunzi miaka mingi, na sijapata kuona ubao unaosahihishwa kwa kumwuliza mwanafunzi kama ameandika vizuri. Hakuna aliyelizunguka tangi lile kutazama maji yanaingilia wapi.

Ripoti ya kamati ilisomwa bungeni. Walisema wamejionea, wameyanywa, na mzee wa kisiwa mwenyewe amethibitisha. Idara ikapewa shukurani. Mke wa mwanangu alikuwa akisikiliza nami huku anachuja chai ya maji ya kisima, chai ambayo sukari haiiponyi.

"Baba," aliniambia, "wale wametawadha maji yetu, sasa wanatuandikia kwamba tunayo. Wakija tena tuwape na mikeka yetu, waandike kwamba tumejengewa hoteli."

Nilicheka, kisha nikaona haya kucheka.

Juzi yule mbunge alinipigia simu. "Mwalimu, idara inarudi bungeni na ripoti ya mwaka huu, na mradi wa maji yenu haumo tena, wameshaufunga kama uliokamilika. Nimeisihi kamati irudi huko kabla ya kikao. Wamekubali kwa shida, na hawatakubali tena. Nakuomba, waache waone kilichopo."

Nikamwahidi. Nilipomweleza kaka, alikuwa amekwisha kupeleka boti bara kujaza madumu.

"Waone nini?" aliniuliza. "Waone kwamba kwangu mgeni hapati maji ya udhu?"

"Waone kweli, kaka."

"Kweli waitafute kwa idara yao. Kwangu watapata maji. Na kinywa hiki kilishasema hatukosi. Wataka niitwe mwongo uzeeni?"

"Hawatakuita mwongo. Watajua ulikuwa unawakirimu."

Akaniambia, "Siku mgeni atakapofungua bomba lile lisitoke kitu, jua umenizika ningali hai."

Kamati inakuja wiki hii, baada ya sala ya Ijumaa. Vijana wanaomimina maji tangini wote nimewasomesha mimi. Nikiwaambia wasimimine, hawatamimina. Tangi likijaa, mtambo hautakuja tena, na wajukuu wangu watakunywa chumvi mpaka wawe wazee. Likiwa tupu, nitakuwa nimemwaibisha mtu aliyenilea, nyumbani kwake, mbele ya wageni wake.

Msiniambie nizungumze naye, nimezungumza. Wala msinitumie vile vijipicha vya mikono inayoomba dua. Nataka jibu lenye maneno, hasa kutoka kwa wenye kaka waliowalea. Boti ya madumu inarudi kesho, na vijana watakuja kuniuliza kama kawaida yao. Niwaambie walijaze, au waliache tupu?